Alama Mkononi

Somo: Yohana 20:24–29

Popote mlipo asubuhi hii, iwe ni jikoni, iwe ni shambani, au kitandani katika wodi ya hospitali, karibuni tukae pamoja kwa dakika chache tulitafakari Neno la Mungu.

Somo letu lamhusu Tomaso. Twamkumbuka mtume huyu kwa jambo moja tu, kwamba alikataa kuamini. Wenzake walimwambia wamemwona Bwana, naye akasema hatasadiki mpaka azione alama za misumari na kuzigusa kwa kidole chake. Sisi wahubiri tumemlaumu sana Tomaso. Lakini angalieni jinsi Bwana alivyomtendea. Kabla ya kumwonya juu ya imani yake, alimwonyesha mikono. Hakuona vibaya kuombwa alama. Shikeni jambo hilo, kwa maana tutalirudia.

Siku moja, sisi na wazee wawili wa kanisa tulikwenda kumzuru ndugu mmoja ambaye alikuwa haonekani tena ibadani. Tulimkuta katika chumba cha nyuma. Mikono yake ilichezacheza bila yeye kuiamuru, mabega yakainuka na kushuka, na uso ukajikunja na kukunjuka. Alikuwa hajafika miaka 50. Zamani alikuwa seremala hodari, na mabenchi kadhaa tunayokalia kanisani hadi leo ni kazi ya mikono hiyo hiyo. Majirani walisema kwanza kwamba ni pombe. Baadaye wakasema ni laana, kwa kuwa baba yake alikufa vivyo hivyo, na shangazi yake pia. Binti zake wawili walikuwa wamefikia umri wa kuolewa. Watu walikuja kuwaposa mara moja, wakamwona baba, wasirudi tena.

Madaktari wa mishipa ya fahamu walikuwa wamekwisha kumwambia jina la ugonjwa wake. Ni ugonjwa wa Huntington. Sisi tulidhani ametuita tumwombee apone. Tuliomba, naam, lakini hilo silo alilotuitia. Alisema kwa shida, neno moja moja, “Mchungaji, kuna wataalamu wanaouchunguza ugonjwa huu. Nataka kuwapa damu yangu. Ndugu zangu wanakataa.”

Kaka yake mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Akasema kwa ukali, “Watachukua damu ya mtu wetu, waende zao wakapate sifa na mali, naye abaki hivi hivi. Ama itamponya? Hebu mwambie, Mchungaji, itamponya?”

Wote wawili wakatutazama. Nasi, wasikilizaji wapenzi, hatukuwa na jibu. Tuliomba tupewe muda. Tulirudi nyumbani, tukasoma, tukawauliza wenye kujua. Yale tuliyoyapata ndiyo tunayowaletea leo, kwa sababu huenda katika nyumba yako pia yuko mtu wa chumba cha nyuma.

Ugonjwa huu ni wa nadra. Mwaka 1872 ulielezwa waziwazi na daktari kijana wa Marekani, George Huntington, akiwa na umri wa miaka 22. Baba yake na babu yake walikuwa madaktari pia. Alipokuwa mtoto aliandamana na baba yake kwenda kuwatazama wagonjwa, na siku moja njiani waliwakuta wanawake wawili, mama na binti yake, warefu, wamekonda sana, wakipindapinda mwili na kukunja nyuso. Mtoto yule hakuwasahau. Alipokua aliandika habari za ugonjwa huo, akaonyesha jinsi unavyotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto.

Ukiwa na mzazi mmoja mwenye ugonjwa huu, nafasi yako ya kuurithi ni nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi juu. Mara nyingi hauonekani mpaka mtu afike miaka 30, 40 au 50, amekwisha kuoa na kuzaa. Huanza kidogo kidogo. Vidole havitulii, hasira zisizo za kawaida yake zinamshika, kumbukumbu zinapotea. Kisha huendelea kwa miaka 15 au 20 hadi kifo. Si pombe. Si laana wala uchawi. Wala hauambukizi. Unaweza kula naye sahani moja, na kumshika mkono, na kumbeba mtoto wake, usipatwe na lolote.

Sasa twendeni mbali, hadi nchi ya Venezuela katika Amerika ya Kusini. Huko kuna ziwa kubwa liitwalo Maracaibo, na kando yake wanakaa wavuvi maskini, wengine katika nyumba zilizojengwa juu ya nguzo majini. Katika miaka ya 1950 daktari mmoja wa nchi hiyo, Américo Negrette, aliwaona watu wakipepesuka njiani akadhani wamelewa. Wenyeji wakamwambia la, hawa ni wagonjwa. Alipowachunguza akatambua kwamba ni ugonjwa ule ule wa Huntington, nao umeenea katika ukoo mzima. Hapakujulikana mahali pengine duniani penye wagonjwa wengi hivyo pamoja.

Mwaka 1979 alifika huko mwanamke wa Marekani, Daktari Nancy Wexler, na tangu 1981 yeye na wenzake walirudi mwaka baada ya mwaka. Walitaka damu za wagonjwa na za jamaa zao, ili watafute mahali ugonjwa ulipojificha ndani ya mwili. Wavuvi wakaogopa. Na kwa nini wasiogope? Ni wageni hawa, wenye sindano na chupa, watu waliokuja kwa ndege na watakaoondoka kwa ndege. Tena wavuvi walidhani kwamba ugonjwa ni wao peke yao, kwamba hao matajiri wa Marekani hawaujui kwao.

Hapo muuguzi mmoja wa kundi lile alifanya jambo. Alimshika Daktari Wexler mkono, akauinua, akampitisha katikati ya watu, akiwaonyesha kovu dogo. Ni mahali alipokatwa kipande cha ngozi kwa ajili ya uchunguzi ule ule. Kwa maana mama yake Daktari Wexler alikuwa na ugonjwa huo. Uligunduliwa mwaka 1968, naye akafa mwaka 1978. Wajomba wake watatu waliupata pia. Yeye mwenyewe alikuwa kama wale wavuvi, nusu kwa nusu, hajui kesho. Basi watu walipoiona alama, wakaelewa kwamba huyu hakuja kuwatazama kama watu wanaotazama wanyama mbugani. Alikuwa mmoja wao.

Wakakunja mikono ya mashati yao, wakatoa.

Kwa muda wa miaka hiyo walitoa damu watu zaidi ya 4,000, na ukoo wao ukaandikwa, watu zaidi ya 18,000, vizazi kwa vizazi. Mwaka 1983, kwa damu hiyo na ya jamaa moja ya Marekani, wataalamu walijua sehemu ya mwili ulipo ugonjwa, yaani katika kromosomu ya nne. Ikachukua miaka kumi mingine, wataalamu 58 wa vikundi sita wakishirikiana, hata mwaka 1993 wakaipata jeni yenyewe. Wakaona kwamba katika yale maandishi ambayo Muumba ameyatia ndani ya kila chembe ya mwili, kuna mahali ambapo herufi tatu zinarudiwa. Kwa watu wengi hurudiwa mara zisizofika 36. Kwa mgonjwa hurudiwa mara 40 na zaidi, kama santuri iliyokwaruzika ikirudia neno lile lile. Siri ambayo watu waliihusisha na mapepo kwa karne nyingi, ilifunuliwa kwa damu ya wavuvi.

Na tusidhani kwamba haya hayatuhusu sisi Waafrika. Mwaka 2001 wataalamu walieleza ugonjwa mwingine unaofanana mno na huu, katika ukoo mmoja wa Wamarekani weusi. Dalili ni zile zile, lakini kosa liko katika jeni nyingine kabisa. Tangu hapo ugonjwa huo wa pili umeonekana karibu kwa watu wa asili ya Kiafrika peke yao, na wagonjwa kadhaa wamepatikana Afrika Kusini. Je, ungejulikanaje kama watu weusi wangekataa kuchunguzwa, au kama hakuna aliyejali kuwauliza? Mwenye kutafuta dawa hutafuta kwa wale anaowajua. Asiyehesabiwa hukosa sahani wakati wa kugawa chakula.

Lakini yatupasa kusema kweli yote, kwa maana mhubiri asiyesema kweli juu ya dawa ni hatari kuliko mganga wa uongo. Hadi leo haijapatikana dawa ya kuuponya ugonjwa huu. Ziko dawa za kupunguza kuchezacheza kwa viungo, basi. Lilikuwako jaribio moja kubwa la dawa iliyotiwa kwa sindano katika uti wa mgongo, na zaidi ya wagonjwa 700 wa nchi mbalimbali walijitoa. Mwezi wa Machi 2021 wagonjwa waliacha kupewa dawa hiyo, kwa kuwa ilionekana haiwafai. Fikirini jinsi mioyo ilivyovunjika. Na wale wavuvi wa Maracaibo? Wengi wao bado ni maskini. Yalifunguliwa makao ya kuwatunza wagonjwa mwaka 1999, lakini baadaye yakafungwa. Daktari Wexler mwenyewe alisema hadharani mwaka 2020 kwamba yeye naye anao ugonjwa. Yule aliyeitafuta dawa maisha yake yote anaingojea bado.

Kwa hiyo yule kaka mkubwa mlangoni hakuuliza upuzi. Swali lake ni la haki. Jibu la kweli ni kwamba, la, damu hiyo haitamponya ndugu yako.

Basi kwa nini aitoe?

Katika 2 Samweli 23 twasoma kwamba Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, wakati mji huo ulipokuwa mikononi mwa adui. Mashujaa watatu wakapenya katikati ya majeshi, wakayateka, wakamletea. Daudi alipoyaona hakuthubutu kuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa kuwa aliona kwamba hayo si maji tena, bali ni damu ya watu walioponza nafsi zao. Ndugu zangu, katika maabara za dunia kuna vichupa vidogo, na juu ya kila kichupa kuna namba. Anayevitazama kama mali yake hajamwelewa Daudi. Kila kichupa ni maji ya Bethlehemu. Mtu mgonjwa, asiye na matumaini ya kupona, alipenya katikati ya hofu yake na maneno ya jamaa zake, akayaleta kwa ajili ya mtoto ambaye hajazaliwa bado. Hiyo ni sadaka. Na sadaka haiibiwi, haichezewi, wala mtoaji wake hasahauliwi.

Kwa hiyo twasema na wewe uliye mgonjwa, unayetamani kuingia katika uchunguzi kama huo. Tamanio lako ni jema. Usiambiwe kwamba huna imani. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu. Lakini nenda ukiwa umefumbua macho. Uliza uchunguzi huu ni wa nini, na nani ameuruhusu, maana wa halali hupita kwanza mbele ya kamati ya maadili. Taka uelezwe kwa lugha unayoielewa kabla ya kutia sahihi, na uichukue karatasi nyumbani uisome na jamaa yako. Uliza kama damu yako itapelekwa ng'ambo, na nani ataitunza. Jua kwamba unaweza kujitoa siku yoyote, na matibabu yako ya kawaida yasikatwe kwa ajili hiyo. Jua pia kwamba katika majaribio ya dawa wengine hupewa dawa bandia isiyo na nguvu, ili kulinganisha, na huenda ukawa wewe. Na mtu akikudai fedha nyingi ili akuingize, au akikuahidi utapona bila shaka, ondoka upesi. Huyo ni mbwamwitu.

Twasema pia na jamaa. Tangu jeni ilipopatikana, mtu aweza kupimwa na kujua kabla hajaugua. Wako wanaotaka kujua, wako wasiotaka, na wote wana haki. Habari hiyo ikishaingia masikioni haitoki tena. Asiwepo mzazi, wala mchumba, wala mchungaji, wa kumlazimisha kijana apimwe.

Na sasa twasema na sisi wenyewe, watu wa kanisa. Hapa ndipo tunapoona haya.

Tuliporudi kwa yule seremala na habari hizi zote, tulimweleza kaka yake juu ya ziwa lile, na juu ya kovu la Daktari Wexler. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza polepole, bila ukali safari hii, “Na ninyi, Mchungaji? Alama yenu iko wapi?”

Tukamwuliza ana maana gani. Akasema, “Mlimwambia akae nyuma.”

Ilikuwa kweli. Zaidi ya mwaka mmoja kabla ya hapo, wakati wa Meza ya Bwana, mikono ya ndugu huyu ilikigonga kikombe, divai ikamwagika juu ya kitambaa cheupe. Watu walinong'ona. Sisi, kwa kutaka utaratibu, tulimtuma mzee mmoja amshauri kwa upole kwamba ni afadhali akae benchi la nyuma, ataletewa. Jumapili mbili tatu aliletewa. Kisha tukasahau. Kisha yeye akaacha kuja. Mtu yule alikaa chumba cha nyuma nyumbani kwake kwa sababu sisi tulianza kumpeleka nyuma kanisani, mbali na meza ambayo pengine aliipiga randa kwa mikono yake.

Twawezaje kumwambia mgonjwa ajitoe kwa ajili ya wengine, sisi ambao hatukuweza kuvumilia divai kumwagika? Bwana alimwonyesha Tomaso mikono yenye majeraha. Sisi tulikuwa na mikono safi mno.

Tulimwomba msamaha pale pale, yeye na mkewe na kaka yake. Jumapili iliyofuata aliletwa kwa gari la jirani. Alipopiga magoti, kaka yake alipiga magoti upande mmoja akamshika bega, mzee wa kanisa upande wa pili, na sisi tukaifunika mikono yake kwa mikono yetu mpaka kikombe kikafika midomoni. Divai ilimwagika kidogo. Hakuna aliyenong'ona. Binti zake walikuwa benchi la mbele.

Baadaye alikwenda kutoa damu, na kaka yake akamsindikiza. Karatasi zilisomwa kwa Kiswahili, maswali yakaulizwa, na kaka ndiye aliyeuliza mengi kuliko wote. Ilipokwisha zamu ya mdogo wake, akaikunja mikono ya shati lake mwenyewe, akamwambia muuguzi, “Chukua na yangu. Majibu msiniambie.” Wakarudi nyumbani jioni, kila mmoja na kipande cha pamba mkononi.

Wapenzi wasikilizaji, yule seremala hajapona. Sauti yake sasa imefifia hata ni mkewe peke yake anayemwelewa. Lakini haketi nyuma, na alichokitoa kiko mahali kinafanya kazi. Waraka kwa Waebrania, mwisho wa sura ya 11, wawataja watu wa imani waliokufa bila kukipokea kile walichokingojea, kwa kuwa Mungu alikusudia wasikamilishwe pasipo sisi tuliokuja nyuma yao. Huenda mtoto wa mjukuu wa mtu fulani, huko Maracaibo au huku kwetu, atapewa dawa siku moja, asijue jina la aliyetoa. Mungu analijua.

Nawe leo, ukimaliza kusikiliza, nenda kwenye chumba cha nyuma. Kama hakimo nyumbani kwako, kimo kwa jirani. Usianze kwa kuhubiri. Kaa karibu naye, ushike mkono usiotulia.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyefufuka nawe ukaziacha alama mikononi mwako, twawaleta mbele zako wote ambao viungo vyao haviwatii. Wape wavumilivu wa kuwatunza. Wape wataalamu hekima na uaminifu, wasiichezee damu ya maskini. Ipokee sadaka ya wale wanaojitoa kwa ajili ya watoto wasiowajua. Nasi kanisa lako utusamehe kwa kila mtu tuliyempeleka nyuma, utufundishe kumrudisha mezani pako. Twaomba haya kwa jina lako. Amina.